Kitundu cha sumu na molekuli moja

Leo naomba tuache siasa kidogo, tuzungumzie kemia. Najua wengi wenu mliitupa kidato cha pili na mkamshukuru Mungu, lakini nivumilieni, maana habari yenyewe imepita hapa hapa kwetu, kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, kabla ya kufika kwenye maabara za Texas na Oxford.

Mwaka 1952 mwanafizikia Erwin Schrödinger, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1933, alikuwa akiishi Dublin. Aliandika makala ambayo ndani yake alisema kwamba sisi binadamu hatufanyi majaribio kwa elektroni moja, wala atomi moja, wala molekuli moja ndogo. Kichwani tunaweza kujifanya tunafanya, lakini mezani hapana. Kwa maoni yake, kutarajia jambo kama hilo ni sawa na kutarajia kufuga kwenye bustani ya wanyama wale mijusi wakubwa wa baharini waliotoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Na huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Hesabu zake ndizo wanakemia wanazotumia mpaka leo kueleza kwa nini atomi hushikana.

Miaka 50 baadaye, mwaka 2002, kikundi cha watafiti wakiongozwa na Mwingereza Hagan Bayley, aliyekuwa Texas A&M huko Marekani, kilichapisha kazi iliyoonyesha molekuli moja ikishikana na nyingine, ikiachia, ikishikana tena, ikiachia tena, mbele ya macho ya watu. Labda niseme mbele ya kalamu ya mashine, maana macho hayakuona kitu. Kilichoonekana ni umeme ukipungua na kuongezeka.

Kabla sijaeleza walivyofanya, tuelewane kwanza kwa nini Schrödinger alisema vile. Tone moja la maji lina molekuli nyingi kiasi hiki: chukua bilioni moja, zidisha kwa bilioni moja, kisha zidisha kwa elfu moja. Na bado unazidi hapo kidogo. Kwa hiyo kila jaribio la kemia ulilolifanya shuleni, ile rangi iliyogeuka, ule moshi ulioacha harufu kwenye sare, ni habari ya umati. Hakuna molekuli iliyohojiwa binafsi.

Simama nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga. Ukisikia kelele unajua goli limeingia. Lakini huwezi kujua nani amesimama, nani ameketi, nani ameenda kununua maji. Tena kuna jambo gumu zaidi. Tuseme kila dakika watu mia wanatoka uwanjani na wengine mia wanaingia. Ukipiga picha kutoka juu saa tisa na nyingine saa kumi, utasema hakuna kilichotokea. Idadi ni ile ile. Kumbe mageti yanafanya kazi kama wazimu. Ndivyo zilivyo athari nyingi za kikemikali zinazoweza kwenda mbele na kurudi nyuma: zikifika kwenye uwiano, chupa inatulia kabisa, na ndani yake molekuli zinashikana na kuachiana bila kupumzika. Kwenye umati hilo halionekani. Wanakemia walijua lipo kwa kuivuruga chupa na kupima inavyorudi kwenye utulivu.

Sisi waandishi wa habari tunaishi kwa wastani. Tunaandika kwamba wastani wa wanafunzi kwa darasa wilayani ni hivi, halafu tunaenda kunywa chai, wakati huenda hakuna darasa hata moja wilayani lenye idadi hiyo. Ndiyo maana habari hii ilinishika.

Sasa twende Sese. Molekuli waliyoichagua akina Bayley ilikuwa na aseniki, na ilichoshikana nacho ni salfa. Ndiyo, salfa, ile ile elementi ambayo wakulima wa Mtwara hupulizia mikorosho, ila hapa ni atomi yake moja ikiwa ndani ya protini. Aseniki na salfa zinapendana sana, na mapenzi hayo yameacha historia chungu katika ukanda wetu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka Ziwa Victoria upande wa Uganda. Visiwa vya Sese viliumizwa vibaya. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch, yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuja na msafara, akapitia Mwanza, kisha akaweka kambi Sese. Alikuja na dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl. Wagonjwa walichomwa sindano, wengi wakapata nafuu, vimelea vikapotea kwenye damu. Halafu vikarudi. Koch akaongeza kipimo. Zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka, na upofu huo haukuondoka.

Msomaji atajiuliza, ilikuwaje? Wakati ule hakuna aliyejua aseniki inafanya nini ndani ya mwili. Huko Ujerumani Paul Ehrlich aliichunguza Atoxyl hiyo hiyo, akatengeneza binamu zake mamia, na mwaka 1910 mojawapo ikaingia sokoni kwa jina la Salvarsan, dawa ya kaswende. Mwaka 1923 Carl Voegtlin na wenzake Marekani walionyesha kwamba kinachoshikwa na aseniki mwilini ni salfa iliyo kwenye chembechembe za uhai. Protini inaposhikwa pale inashindwa kufanya kazi yake. Ikiwa ni protini ya kimelea, umepona. Ikiwa ni yako, umeumia. Aseniki haichagui vizuri.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Oxford wakiongozwa na Rudolph Peters waligeuza kibao. Walitengeneza kemikali yenye salfa mbili, ili iikamate aseniki ya gesi ya sumu kabla haijashika protini za askari. Mwaka 1949 Ernst Friedheim akaiunganisha dawa hiyo ya kuondoa sumu na aseniki yenyewe, akapata melarsoprol. Hii ndiyo iliyotumika kwa miongo mingi kutibu malale iliyokwisha kufika kwenye ubongo, Tanzania, Uganda na Congo. Huunguza mishipa ya damu inapoingia, na iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya kila 20 waliotibiwa. Kwa malale ya aina yetu ya Afrika Mashariki, ikishafika kwenye ubongo, hapakuwa na kingine cha kutegemea mpaka vidonge vya fexinidazole vilipowekwa kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2024.

Kwa hiyo kuanzia Sese mpaka melarsoprol, jambo moja lilikuwa linatokea: aseniki inashika salfa, inaachia, inashika nyingine. Watu walipona au walikufa kwa ajili ya kifungo hicho, na hakuna aliyewahi kukiona kimoja kikifunga.

Ili kukiona ulihitajika mlango mwembamba sana, wa kupita mmoja mmoja. Mlango huo haukutengenezwa na binadamu. Ulitoka kwa bakteria Staphylococcus aureus, yule yule wa majipu na vidonda vinavyotunga usaha. Bakteria huyu hutoa sumu inayotoboa chembe nyekundu za damu. Sumu ni protini. Vipande saba vinavyofanana hukutana juu ya utando wa chembe, vinajipanga duara, vinazama, na kunakuwa na tundu. Mwaka 1996 kikundi cha Eric Gouaux pamoja na Bayley walichapisha umbo lake. Linafanana na uyoga, kofia juu na shina limepenya utando. Urefu wake ni nanomita 10 hivi, na mahali pembamba kuliko pote pana upana wa nanomita 1.4. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Nafasi ya kusikiliza tundu moja ilikuwa imekwisha kuandaliwa na wengine. Mwaka 1962 Paul Mueller na wenzake walifanikiwa kutengeneza utando wa mafuta mwembamba mno ndani ya maji ya chumvi, unaofanana na ule wa chembe hai. (Schrödinger alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.) Mwaka 1970 Hladky na Haydon wa Cambridge walitia kidogo antibiotiki iitwayo gramicidin kwenye utando wa namna hiyo, wakaona umeme ukipanda kwa ngazi, kila ngazi ikiwa ni tundu moja limefunguka. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann wakafanya vile kwenye msuli wa chura, kazi iliyowapa Nobel mwaka 1991.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Chukua kopo dogo, ligawe vyumba viwili kwa ukuta wa plastiki wenye tobo. Ziba tobo kwa utando wa mafuta. Jaza maji ya chumvi pande zote, weka waya kila upande, washa umeme mdogo. Hakuna kinachopita, maana mafuta yanazuia. Sasa tia sumu kidogo sana na usubiri. Tundu moja likijitia kwenye utando, mkondo unaruka ghafla: ioni za chumvi zinapita. Mkondo huo ni mdogo ajabu, kama pikoampia 100, yaani sehemu moja ya bilioni kumi ya ampia, kwa hiyo kifaa chote hufungiwa kwenye sanduku la chuma ili kelele za nyaya za jengo zisiingie. Lakini hata huo mdogo ni ioni zaidi ya milioni 600 kila sekunde. Hapo ndipo siri ilipo. Molekuli moja ikisimama njiani inazuia mamilioni ya ioni kwa sekunde, na hasara hiyo unaweza kuipima. Huisikilizi molekuli yenyewe. Unasikiliza msongamano wa foleni iliyoko nyuma yake. Aliyewahi kukaa Ubungo siku gari moja limeharibika katikati ya barabara anaelewa bila kufundishwa.

Kilichobaki ni kuipa molekuli mahali pa kushika. Na hapa bahati ilikuwa upande wao. Asidi amino yenye salfa wanayoihitaji wanakemia inaitwa sisteini, na sumu hii ya asili haina sisteini hata moja. Ukuta wake ni safi. Kwa hiyo Bayley na wenzake waliweza kubadili jeni, wakaweka sisteini moja katika kipande kimoja, wakakichanganya na vipande vya kawaida, kisha wakachambua wapate matundu yenye kipande kimoja kilichobadilishwa na sita vya asili. Kati ya atomi zote za ukuta wa ndani, kuna salfa moja tu inayoweza kushika. Ukitaka kumhoji shahidi mmoja, unahakikisha chumbani hakuna wengine.

Kisha wakatia kampaundi ya aseniki. Mkondo ulikuwa umetulia juu, ukashuka hatua ndogo, ukakaa chini kwa muda, ukarudi juu. Aseniki imeshika, aseniki imeachia. Seong-Ho Shin, Tudor Luchian, Stephen Cheley, Orit Braha na Bayley waliandika habari hiyo mwaka 2002. Na hiki hakikuwa kitu kilichokwama kwenye tundu kwa bahati. Kilikuwa kifungo halisi cha kemikali, atomi mbili zikishirikiana elektroni.

Ngoja nikae hapa kidogo, maana kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Ukiandika muda wa kila tukio unapata orodha mbili. Ya kwanza ni muda ambao salfa ilikaa peke yake ikisubiri. Ya pili ni muda ambao kifungo kilidumu. Ukiongeza aseniki kwenye maji, muda wa kusubiri unapungua, kwa sababu wapitaji wamekuwa wengi. Lakini muda wa kifungo kudumu haubadiliki hata kidogo. Kuachana ni shauri la walioshikana, wapita njia hawahusiki. Mambo haya mawili yamo kwenye vitabu vya kemia tangu karne ya 19, yakiwa hesabu iliyotolewa kwenye umati. Hapa unayasoma kwenye karatasi, tukio kwa tukio.

Na kuna la ajabu zaidi. Vifungo havidumu muda sawa. Molekuli ni ile ile, salfa ni ile ile, joto ni lile lile, lakini kimoja kinakatika mara moja na kingine kinakaa na kukaa. Ukipanga muda wote kwenye chati unaona kwamba kifungo hakizeeki. Kilichodumu muda mrefu hakiko karibu zaidi na kukatika kuliko kilichofunga sasa hivi. Hakina kumbukumbu. Kwenye umati unapata nambari moja nzuri, wastani, na nambari hiyo ni ya kweli, lakini haikwambii kwamba chini yake kuna bahati nasibu isiyokoma.

Baadaye mambo yakaenda mbio. Mwaka 2003 waliweka kemikali moja upande huu wa utando na nyingine upande wa pili, zikakutana katikati ya tundu tu, na mwaka huo huo wakafuatilia athari yenye hatua tatu kwenye molekuli moja. Mwaka 2005 Shin na Bayley wakaonyesha mnyororo wa polima ukikua kiungo kimoja kimoja, kila kiungo kikishusha mkondo kidogo.

Wapo wanaouliza kama hii ni kemia ya kweli. Swali ni halali. Mmoja wa wanaoshikana amefungwa ukutani, nafasi ni finyu, na umeme unavuta. Isitoshe, lazima ufanye kazi ndani ya maji ya chumvi, ambako athari nyingi za viwandani hazifanyiki, na tukio fupi mno linapita kabla mashine haijalinasa. Mimi nasema sawa, lakini ndani ya chembe hai hakuna kopo kubwa lenye nafasi. Kule pia kemia inafanyika kwenye mifuko finyu ya protini. Tundu limefanana na mwili kuliko chupa ya maabara ilivyofanana nao.

Hata hivyo umaarufu haukwenda kwenye kemia. Ulikwenda kwenye kusoma DNA. Mwaka 1989 David Deamer, akiwa safarini Oregon, alichora kwenye daftari wazo la kupitisha uzi wa DNA kwenye tundu na kuzisoma herufi zake kwa mabadiliko ya umeme. Mwaka 1996 John Kasianowicz, Eric Brandin, Daniel Branton na Deamer walionyesha kwamba nyuzi za RNA na DNA zinapita kweli, na tundu lilikuwa la sumu hii hii. Mwaka 2005 Bayley, akiwa amehamia Oxford, alishiriki kuanzisha kampuni ya Oxford Nanopore, ambayo mwaka 2014 ilianza kuwapa watafiti kifaa cha MinION kinachoenea kiganjani. Mwaka 2015 watafiti walikibeba kwenye mizigo ya ndege kwenda Guinea kusoma virusi vya Ebola wakati watu wanakufa. Hapa kwetu kikundi cha watafiti akiwemo Joseph Ndunguru wa Tanzania na Laura Boykin walikipeleka kwenye mashamba ya mihogo ya Tanzania, Kenya na Uganda, wakatambua virusi vya majani pale pale shambani. Mkulima ambaye mihogo yake imeingiwa na batobato au michirizi ya kahawia hahitaji kujua lolote kuhusu Schrödinger. Anahitaji kujua ang'oe au apande.

Sina ugomvi na DNA. Ila kwa kuwa magazeti yalishaiandika sana, nimeona niwasimulie ile nyingine.

Bayley mwenyewe hakuiacha. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha kazi ambayo ndani ya tundu lile lile la bakteria wa majipu walipanga salfa kadhaa mstari mmoja, kama mawe ya kuvukia mto. Molekuli moja ikawa inaruka kutoka jiwe hadi jiwe, kila hatua nanomita 0.7, kwa kufunga kifungo kipya na kuachia cha zamani, huku ikivuta uzi wa DNA. Watafiti wakigeuza umeme, inageuka na kurudi ilikotoka. Kila hatua ilisomeka kwenye mkondo.